Mama wa Kiuu ni Nani? Nyota, Jina na Tabia ya Nchi ya Thika na Ruiru

Utangulizi

Ukurasa wa nyota ni utanzu ambao wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawajaupa nafasi unayostahili. Asubuhi, katika matatu itokayo Githurai kuelekea Nairobi, abiria aliyebanwa dirishani hukunjua gazeti, akaziruka habari za siasa na bei ya kahawa, akaenda moja kwa moja penye orodha aijuayo kwa ghaibu: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Siku hizi wengine huutafuta ukurasa huo katika simu, lakini kanuni zake hazijabadilika. Kila nyota ina tabia yake, kila tabia ina bahati yake, na msomaji huambiwa kwa nafsi ya pili, kwa sauti ya mzee asiyebishiwa, kwamba wiki hii ajihadhari na rafiki mwenye maneno matamu. Afrika Mashariki iliizoea sauti hiyo hasa kupitia kwa Sheikh Yahya Hussein, mnajimu mashuhuri wa Dar es Salaam aliyefariki mwezi Mei 2011.

Mazoea hayo ya kufikiri hayaishii kwa mtu mmoja mmoja. Mji, mtaa na wilaya nazo huzungumzwa kana kwamba zilizaliwa saa fulani, chini ya nyota fulani, zikapewa tabia isiyobanduka. Watu wa Thika, husemwa, ni wachapa kazi wagumu wa mkono. Wa Ruiru hawaoni kitu ila ploti. Wa Githurai hawalali wala hawamwachi mwenzao alale. Anayesema hivyo hadhani kwamba anapiga falaki, lakini kwa hakika ndilo analolifanya: anaitoa tabia ya watu katika historia na kuitundika angani, mahali ambapo haiwezi kuulizwa maswali.

Insha hii inakusudia kuuchukua usemi huo kwa uzito wake na kuusoma kama matini. Mahali palipochaguliwa ni Kiuu, mojawapo ya wadi za eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, upande wa Githurai, pamoja na nchi pana inayoizunguka, yaani ile iliyo baina ya Ruiru na Thika. Maswali ni mawili. Kiuu ilizaliwa lini? Na mama yake ni nani? Swali la kwanza ni la falaki ya magazeti. La pili ni la falaki ya waswahili wa pwani. Itaonekana kwamba majibu ya falaki zote mbili hayategemeki, na kwamba hata hivyo swali la pili lina thamani ambayo mhakiki hapaswi kuipuuza.

Nyota kwa Tarehe

Kuzipa nchi nyota si jambo geni. Ptolemy wa Iskandaria, ambaye Waarabu humwita Batlamyusi, aliandika katika karne ya 2 kitabu cha unajimu, Tetrabiblos, na ndani yake akazigawa nchi zote alizozijua chini ya buruji kumi na mbili. Azania, jina ambalo wataalamu wengi hulihusisha na pwani ya Afrika Mashariki, aliiweka chini ya Ndoo na sayari ya Zohali. Kutokana na nyota hiyo akahitimisha kwamba wakazi wake ni wala nyama na samaki, wahamaji, wenye maisha magumu yanayokaribia ya wanyama. Hukumu hiyo ilitolewa na mtu aliyekuwa mbali, aliyetegemea habari za mabaharia. Faida ya nyota ilikuwa kwamba hukumu haikuonekana kuwa yake. Kama watu ni wanyama, basi Zohali ndiye aliyewafanya hivyo. Msomaji wa maandishi ya kikoloni kuhusu Kenya ataitambua mbinu hiyo mara moja, ingawa waandishi wake waliacha sayari na kuweka mahali pake damu, hali ya hewa na kabila.

Kanuni ya magazeti huhitaji siku ya kuzaliwa. Kwa Kiuu siku hiyo yaweza kutafutwa, na zipatikanazo ni nyingi kupita kiasi. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, jua likiwa katika Mizani, na mwenye kupenda kejeli hatahitaji maelezo zaidi kuhusu haki iliyopimwa katika mizani hiyo. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, wakati wa Mshale. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa kilomita zipatazo 50, ilifunguliwa rasmi tarehe 9 Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki, nayo ni siku ya Nge. Wadi yenyewe ilipata mwakilishi wake wa kwanza katika bunge jipya la kaunti kwa uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, na hiyo ni siku ya Samaki.

Tuseme Samaki ndiyo nyota yenyewe, kwa kuwa siku hiyo ndipo wadi ilipoanza kusema kwa mdomo wake. Katika picha ya buruji hii wako samaki wawili waliofungwa kwa uzi mmoja, kila mmoja akielekea upande wake. Mfasiri hapati shida hata kidogo. Mkazi wa Kiuu hulala Kiambu na kufanya kazi Nairobi. Asubuhi huogelea kusini, jioni huogelea kaskazini, na uzi uwafungao samaki hao wawili ni ile barabara. Githurai yenyewe imepasuliwa na mpaka, upande mmoja ukiwa wa jiji na wa pili wa kaunti, hata mtu aweza kununua mboga katika serikali moja na kuzipika katika nyingine. Mito nayo yaunga mkono. Mto Chania huungana na mto Thika, nao Thika humimina maji yake katika Tana, unaoingia baharini karibu na Kipini. Mto Ruiru hushuka hadi Athi, ambao huko chini huitwa Sabaki na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ileile ya mgongo wa Nyandarua huenda kwa njia mbili hadi kwenye bahari moja. Ni samaki wawili kamili.

Ufasiri huo unapendeza, na ndiyo sababu haufai kuaminiwa. Kwanza, umewapa nyota ya samaki watu ambao wazee wao hawakuwa wakila samaki. Na laiti ingekuwa Nge, au Mshale, au Mizani, mfasiri yuleyule angepata mifano mizuri vilevile, kwa kuwa nchi yoyote ina mito, barabara na watu waendao huku na huku. Pili, na hili ndilo zito zaidi, ufasiri umefanya safari ya kila siku ya mkazi ionekane kuwa tabia yake. Mtu haendi Nairobi saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ni Samaki. Huenda kwa sababu kazi iko kule na chumba anachoweza kukilipia kiko huku. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 239,000 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu wapatao 490,000. Katika miaka kumi mji uliongezeka maradufu. Sababu za ongezeko hilo zinajulikana: mashamba makubwa ya kahawa yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, yakakatwa vipande, vipande vikawa ploti, ploti zikawa majengo ya kupangisha, na barabara ikaleta wapangaji. Kila hatua ya mlolongo huo ilichukuliwa na watu wenye majina, waliotia saini karatasi. Nyota huzifuta saini hizo.

Nyota kwa Jina

Falaki ya pwani haikuanza na tarehe, kwa sababu aghalabu tarehe haikujulikana. Mtazamiaji wa Lamu, Mombasa au Unguja humwuliza mteja jina lake na jina la mama yake. Jina la baba haliulizwi, kwa kuwa katika ilimu hii mama ndiye asiyetiliwa shaka. Majina hayo mawili huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ikapewa thamani yake katika hesabu ya abjadi, jumla ikatolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha buruji: moja ni Hamali, mbili Thauri, tatu Jauza, nne Saratani, tano Asadi, sita Sumbula, saba Mizani, nane Akarabu, tisa Kausi, kumi Jadi, kumi na moja Dalu, na kisipobaki kitu ni Hutu. Ni zile zile za magazetini kwa majina ya zamani: Akarabu ni Nge, Kausi ni Mshale, Asadi ni Simba.

Inafaa kuijaribu hesabu hiyo kwa Kiuu. Jina likiandikwa pamoja na irabu zake zote, kafu ni 20, ye ni 10, wau ni 6 na wau ya pili ni 6. Jumla ni 42. Limebaki jina la mama.

Kama mama ni Ruiru, mji ambao eneo bunge limeitwa kwa jina lake, hesabu ya Ruiru ni 422. Ikijumlishwa na 42 hupatikana 464. Baada ya kutoa kumi na mbili zote hubaki nane. Kiuu ni Nge. Kama mama ni Nairobi, jiji linalomlisha mkazi na kumchosha, inategemea nani ameliandika jina. Magazeti ya Kiarabu hulianza kwa nuni na ye bila alifu, na jumla yake ni 278. Pamoja na 42 ni 320, hubaki nane, na Kiuu ni Nge tena. Lakini mwandishi akiitia alifu ili irabu ya kwanza isikike, jumla huwa 279, hubaki tisa, na Kiuu hugeuka kuwa Mshale. Alifu moja tu, kijiti kimoja kilichosimama, kimebadilisha tabia ya watu wote wa wadi.

Kama mama ni Thika, mambo huwa magumu zaidi. Anayelisoma jina katika kibao cha stesheni ya reli ataliandika kwa the, herufi ya 500. Thika itakuwa 531, pamoja na 42 itakuwa 573, na kinachobaki ni tisa: Mshale. Lakini anayelisikia jina hilo kutoka kwa wenyewe atagundua kwamba sauti ya kwanza, jinsi Wakikuyu wanavyoitamka, iko karibu na dhali kuliko the. Dhali ni 700. Thika sasa ni 731, jumla ni 773, na hubaki tano. Kiuu ni Simba. Baina ya jicho lililosoma kibao na sikio lililosikiliza watu, mtoto amekuwa na nyota mbili.

Kuna pia njia ya mwisho. Mama asipojulikana, wako watazamiaji wanaoweka mahali pake jina la Hawa, mama wa wanadamu wote. Hawa ni 15, pamoja na 42 ni 57, hubaki tisa. Mtoto asiye na mama ni Mshale.

Jambo linalostahili kuangaliwa hapa ni kwamba hesabu yenyewe ni barabara. Haina kosa wala haina upendeleo. Upendeleo wote umeingia kabla ya hesabu kuanza, pale mtu alipoamua jina liandikweje na mama awe nani. Huu ni ukweli unaohusu historia pia, na kwa kiasi kikubwa unahusu uhakiki. Mhakiki anayeanza kusoma riwaya akiwa amekwisha kuamua mama yake ni nani, awe ni mapokeo ya Kiarabu, au riwaya ya Ulaya, au fasihi simulizi ya Kibantu, atapata baki lile lile kila mara, naye ataliita matokeo ya utafiti.

Githurai inatoa mfano wa kugeuza jambo hili juu chini. Majina ya Githurai 44 na Githurai 45 yalitokana na namba za njia za mabasi. Pwani jina huwa namba ili tabia ijulikane. Githurai namba ilikuwa jina, na punde tabia ikalifuata. Leo akitajwa mtu wa namba 45, msikilizaji wa Nairobi humjua kabla hajamwona, au hudhani anamjua.

Kuzaliwa na Kuzikwa

Majina yenyewe yana maana ambazo falaki haizigusi. Rũirũ katika Kikuyu ni kivumishi chenye maana ya eusi, kilichopatana na jina la mto. Ni maelezo ya maji na yanaishia hapo. Thika ni tofauti. Katika lugha hiyo kitenzi gũthika maana yake ni kuzika, na masimulizi mengi ya wenyeji hulieleza jina la mji kwa habari za watu waliozikwa hapo. Iwapo masimulizi hayo ndiyo asili ya jina au yalitungwa baadaye ili kulifafanua, kwa fasihi jambo hilo halipunguzi uzito wake. Watu wanaolitamka jina la mji wao wanasikia ndani yake kazi ya kuzika.

Katika maandishi ya Kiingereza, kinyume chake, Thika ni mahali pa kuzaliwa. Hoteli ya Blue Posts, penye maporomoko ya Chania na Thika, ilianzishwa mwaka 1908. Mwaka uliofuata Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu madarakani Marekani, alifikia katika shamba la Juja la Northrup McMillan. Reli ilifika mwaka 1913. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikwenda huko kuanzisha shamba la kahawa alipokuwa mtoto, alichapisha mwaka 1959 kitabu cha kumbukumbu, The Flame Trees of Thika, kilichoijulisha sehemu hiyo kwa dunia. Kitabu hicho kina jicho kali na hakikosi mapenzi. Hata hivyo muundo wake ni wa kuzaliwa: hapakuwa na kitu, gari la maksai likafika, mambo yakaanza. Mtoto anayesimulia na nchi anayoisimulia wanakua pamoja, na msomaji huona kwa urahisi kwamba umri wao ni mmoja.

Nchi hiyo ilionekana tupu kwa sababu. Kati ya 1897 na 1900 ukame, nzige, maradhi ya ng'ombe na ndui viliiandama nchi ya Wakikuyu, na pigo lilikuwa kali zaidi upande wa kusini, yaani Kiambu. Wengi walikufa, wengine wakarudi Murang'a kwa jamaa zao wakingoja mambo yatengemae. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 iliwakuta walowezi wakiangalia magugu katika mashamba ya watu waliokufa au waliokuwa hawajarudi, na magugu yakahesabiwa kuwa ni kutokuwapo kwa mwenyewe. Sheria ya 1915 iliruhusu mikataba ya ukodishaji ya miaka 999. Hapana mnajimu aliyewahi kutabiri mbali kiasi hicho. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa iliyomo katika vitabu vya walowezi ni, kwa upande wa pili wa karatasi, tarehe ya maziko, na jina la mji limekuwa likisema hivyo muda wote kwa kila aliyeijua lugha.

Fasihi ya Kiswahili haijaiandika sana nchi hii, lakini ina kitabu kimoja ambacho jina lake latosha kuwa maelezo ya msimamo: Kaburi Bila Msalaba, riwaya ya P. M. Kareithi kuhusu vita vya Mau Mau iliyotolewa mwaka 1969. Huxley alitaja miti yenye maua, Kareithi akataja kaburi. Kila kichwa kimechagua mwanzo wake, na kila mwanzo umemchagua mwenye haki ya kusimulia.

Thika ina utabiri wake pia, usiotokana na magazeti wala na pwani. Mugo wa Kibiru, mwonaji aliyetajwa na Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya (1938), anasimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni wenye rangi ya chura mdogo na nyoka wa chuma atokaye baharini. Masimulizi huongeza kwamba alisema utawala wa wageni hao ungekoma siku mugumo mmoja wa Thika utakapoanguka. Kwamba Waingereza waliusikia utabiri huo wakauzungushia mti ukuta na chuma usianguke. Na kwamba radi ikaupasua mwaka wa Uhuru. Msomaji aweza kuyapokea masimulizi hayo kwa tahadhari yoyote aitakayo. Kinachohusu insha hii ni umbo lake. Utabiri wa mugumo hausemi watu wa Thika wana tabia gani. Hausemi kwamba ni wavumilivu kwa asili au wakorofi kwa asili. Unasema tu kwamba jambo lililoanza litakoma, na unataja alama ya kuijulia siku hiyo. Nyota huwafunga watu katika walivyo. Mugumo uliwaambia wangoje, na pengine ndiyo maana mkoloni, kwa mujibu wa masimulizi, hakuzungushia nyota ukuta ila mti.

Jina la Mama

Imebaki kurudi kwa swali ambalo mtazamiaji wa pwani hulitanguliza. Ruiru, Nairobi na Thika zimejaribiwa, na kila moja imezaa mtoto wa namna yake. Lakini hizo ni taasisi: mji, jiji, stesheni. Kahawa iliyoilisha nchi hiyo haikuchumwa na stesheni.

Harry Thuku alizaliwa Kambui, mwendo mfupi kutoka Ruiru. Chama chake, East African Association, kilichoanzishwa mwaka 1921, kilipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Na miongoni mwa malalamiko yaliyowagusa watu zaidi ni kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Muthoni Nyanjiru aliwakemea, akawaambia wampe suruali zao wachukue nguo yake. Risasi zikapigwa, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Takwimu rasmi zilisema watu 21. Waafrika walitaja idadi kubwa zaidi. Mpenda nyota ataona kwamba tarehe 16 Machi ni ya Samaki, sawa na siku ya uchaguzi wa kwanza wa wadi ya Kiuu miaka 91 baadaye. Ulingano huo ni wa bahati tu na haupaswi kubebeshwa maana. Kinachoziunganisha siku hizo mbili ni ardhi: mashamba waliyolazimishwa wanawake wale kuyalima ni ya aina ile ile iliyokuja kukatwa vipande, ikawa ploti, ikawa kura.

Suala la hesabu halikuishia mwaka 1922. Usiku wa tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, milio ya risasi ilisikika Githurai, na kwa majuma kadhaa idadi ya waliokufa ikabishaniwa. Wengine walitaja wengi, wengine wakakana. Katika mabishano hayo zilisikika tena zile sentensi za falaki: Githurai ndivyo ilivyo, vijana wa huko ndivyo walivyo. Hapa ndipo ubaya wa nyota ya mahali huonekana waziwazi. Tabia ikishatajwa, hesabu huonekana haina haja. Aliyekufa amekufa kwa nyota yake.

Kisa cha Fumo Liyongo kinaweza kusaidia kufikiri, na hakijaletwa kutoka mbali, kwa kuwa maji ya mto Thika huishia katika nchi ya Kipini na Ozi, ambayo masimulizi huihusisha na shujaa huyo. Liyongo, bingwa wa uta, alipochomwa kitovuni na mwanawe, alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akaupachika mshale na kuuvuta uta, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakujua kwamba amekufa. Waliuona mshale, wakamjua kwa tabia yake aliyokuwa nayo hai, wakaogopa kuteka maji. Ikabidi aitwe mama yake amsihi. Aliendelea kumbembeleza, hadi mwili ulipoanguka ndipo ikajulikana kwamba yule waliyemwogopa alikuwa maiti. Mama ndiye aliyeweza kumsogelea, kwa kuwa yeye hakumjua Liyongo kwa mshale wake.

Kiuu, kwa mama watatu kati ya waliojaribiwa, imekuwa Mshale angalau kwa maandishi mamoja. Wanaoitazama kutoka mbali huuona uta uliovutwa na kuogopa kisima. Anayetaka kujua kilichopo hana budi kusogea kama alivyosogea yule mama, aulize ni nani aliyekufa, amezikwa wapi, na shamba lake lilichukuliwa na nani kwa karatasi ipi. Maswali hayo ni ya historia, lakini fasihi ndiyo iliyoyahifadhi pale ambapo nyaraka zilinyamaza: katika jina la mto, katika jina la mji, katika kichwa cha riwaya, katika kisa cha mti.

Hitimisho

Falaki ya tarehe na falaki ya jina zote mbili zimeshindwa kuipa Kiuu tabia, na kushindwa huko ni heri kwa Kiuu. Zilichokitoa ni mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba nyota ya mahali ni utanzu wa maandishi wenye kazi maalumu, ambayo ni kugeuza matendo ya watu kuwa maumbile ya watu wengine. Na mhakiki aliyezoea kuutambua utanzu huo katika gazeti atautambua pia katika kumbukumbu za mlowezi, katika hotuba ya mwanasiasa na katika mzaha wa abiria. La pili ni kwamba katika hesabu ya pwani, kabla ya namba yoyote kuandikwa, kuna adabu moja ambayo wanahistoria na wahakiki wangefaa kuiazima. Mtazamiaji hamwambii mtu lolote kuhusu nafsi yake kabla ya kumwuliza amezaliwa na nani, naye hungoja jibu.

Matatu ikifika mjini, abiria hukunja gazeti na kuliacha kitini kwa atakayefuata. Nyota yake imesema atapata habari njema kutoka mbali. Yeye anashuka na kuelekea kazini, na jina la mama yake halijaulizwa na mtu.